Mabingwa Wasiopanda: Msimu wa 2022/23 wa Raga ya Daraja la Pili Uingereza

Msimu wa 2022/23 wa Championship, ligi ya daraja la pili ya raga ya klabu za Uingereza, ulimalizika kwa Jersey Reds kutawazwa mabingwa kwa mara ya kwanza katika historia yao. Hawakupanda daraja. Miezi michache baadaye, tarehe 28 Septemba 2023, klabu hiyo ilitangaza kwamba imeishiwa fedha na kwamba shughuli zake zimesimama. Nimeifuatilia ligi hii kwa miaka, nikiishi magharibi mwa London ambako viwanja vyake viwili haviko mbali na nyumbani kwangu, na sijaona msimu mwingine ulioonyesha waziwazi namna hiyo uzuri wa mchezo wenyewe na, papo hapo, uonevu wa mfumo unaouendesha. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaoipenda raga wanaijua kupitia timu ya taifa ya Kenya ya wachezaji saba, au kupitia mechi kubwa za Twickenham zinazorushwa kwenye televisheni. Daraja hili la pili halionekani, na ndiyo maana naona inafaa kulieleza kwa kirefu.

Ligi ilikuwa na klabu kumi na mbili, kila moja ikicheza nyumbani na ugenini na wenzake wote, yaani mechi 22. Ushindi ni pointi nne, sare ni mbili, na kuna pointi ya ziada kwa timu inayofunga trai nne au zaidi (trai ni kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani), na nyingine kwa timu inayoshindwa kwa tofauti isiyozidi pointi saba. Kanuni hiyo ya mwisho huifanya dakika ya themanini kuwa na uzito hata kwa timu iliyokwisha kupoteza mchezo, kwa sababu penalti moja iliyopigwa ikapita kati ya milingoti inaweza kuokoa pointi ambayo mwezi wa nne itatafutwa kama sindano. Klabu zenyewe zilitawanyika nchi nzima: Doncaster na Nottingham, Bedford na Ampthill ambao ni majirani na mahasimu, Coventry katikati ya nchi, Hartpury iliyozaliwa ndani ya chuo kikuu cha mashambani huko Gloucestershire, Ealing Trailfinders, London Scottish na Richmond za London, Caldy iliyokuwa imepanda kutoka daraja la tatu, Cornish Pirates walio kwenye ncha ya kusini-magharibi kabisa, na Jersey, ambao kwao ni kisiwani.

Richmond na London Scottish hutumia uwanja mmoja, Richmond Athletic Ground, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka stesheni ya treni. Hapo ndipo nilipojifunza kuitazama raga. Mtazamaji husimama kwenye uzio ulio hatua chache tu kutoka mstari wa pembeni, na skramu, pale mafowadi, yaani wachezaji wanane wa mbele wa kila timu, wanaposhikana na kusukumana, inapopigwa upande huo anasikia mambo ambayo kamera haiyachukui. Kwanza inasikika sauti ya refa akitoa amri zake tatu, ya kuinama, ya kushikana na ya kuingia. Kisha mgongano wa mabega ya mafowadi kumi na sita kwa pamoja, mlio mzito unaohisiwa kifuani kabla ya kusikika masikioni. Halafu kimya cha sekunde mbili au tatu ambacho ndani yake husikia pumzi tu na njumu zikichimba udongo. Mwezi wa kwanza, baridi inapokuwa kali, mvuke hupanda kutoka kwenye migongo yao. Mchezaji wa safu ya mbele anaponyanyuka shingo yake ina alama nyekundu za jezi ya mpinzani, naye hujipangusa tope machoni kwa mkono wenye tope zaidi na kurudi kwenye nafasi yake. Watu elfu moja, wakati mwingine pungufu, ndio walioshuhudia. Nimewahi kukaa katika viwanja vikubwa vya raga nikiwa kwenye viti vya juu kabisa, na sikuwahi kuuelewa mchezo huu kwa kiwango nilichouelewa nikiwa nimesimama kwenye uzio ule.

Richmond ni klabu iliyoanzishwa mwaka 1861, kabla hata ya shirikisho la raga la Uingereza, RFU, kuundwa mwaka 1871. Wachezaji wake wana kazi zao za mchana, na hufanya mazoezi jioni. Caldy nao ni hivyo hivyo. Kwao ni kijiji kilicho kwenye rasi ya Wirral, juu ya mlango wa mto Dee, mahali ambapo ng'ambo ya maji unaiona nchi ya Wales. Klabu ya kijiji kama hiyo ikiwa daraja moja tu chini ya ligi kuu ni jambo la ajabu, na walipoanza msimu wengi waliamini wangekuwa wa kwanza kushuka. Hawakushuka. Walizishinda timu zenye wachezaji wanaolipwa mshahara wa kudumu, wakapata pointi za kutosha kubaki, na walioshuka wakawa Richmond. Iliniuma, kwa sababu Richmond ni majirani zangu, lakini ushindani ulikuwa wa haki na kila mmoja aliona jinsi ulivyoamuliwa.

Kuna klabu moja katika ligi hii ambayo msomaji wa Kenya ana sababu ya pekee ya kuifahamu. Cornish Pirates huchezea Penzance, katika uwanja wa Mennaye, na kwa miaka mingi mfadhili wao mkuu alikuwa Dicky Evans, mwana wa Cornwall aliyejenga utajiri wake nchini Kenya. Kampuni yake ya Homegrown ilikuwa miongoni mwa wasafirishaji wakubwa wa mboga na maua kwenda Ulaya, na jina lake linajulikana vizuri Naivasha. Hoteli ya Hemingways iliyopo Watamu nayo iko chini ya mkono wake. Kwa hiyo mafungu ya maharagwe na mashada ya maua yaliyopakiwa na mikono ya wafanyakazi wa Naivasha yalichangia, kwa njia ndefu lakini ya kweli, mishahara ya wachezaji wa raga katika mji wa wavuvi wa Cornwall. Silisemi hili kwa kushangaa tu. Linaonyesha jinsi klabu za daraja la pili zinavyoishi, kwamba nyuma ya kila moja yupo mtu mmoja au kikundi kidogo cha watu wenye mapenzi, wanaoziba pengo kila mwaka kutoka mifukoni mwao, na siku wakichoka hakuna kinachobaki. Ealing wana Sir Mike Gooley, mwanzilishi wa kampuni ya usafiri ya Trailfinders. Jersey walikuwa na wawekezaji wao wa kisiwani.

Sasa nije kwenye suala la kupanda daraja, maana hapo ndipo msimu huu unapopata maana yake.

Championship katika umbo lake la kulipwa ilianza mwaka 2009, na msimu wake wa kwanza ulitoa mfano bora kuliko yote. Exeter Chiefs walicheza fainali ya mikondo miwili dhidi ya Bristol, klabu iliyokuwa na jina na historia kubwa zaidi. Mkondo wa kwanza nyumbani walishinda 9-6, na tarehe 26 Mei 2010, ugenini Bristol, wakashinda 29-10, pointi 24 kati ya hizo zikitoka kwenye mguu wa Gareth Steenson peke yake. Wakapanda ligi kuu, na hawakushuka tena: walitwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 2017, na mwaka 2020 wakautwaa tena pamoja na ubingwa wa Ulaya. Klabu ya mkoa wa wakulima, iliyotokea daraja la pili, ilikuwa bora barani ndani ya miaka kumi. Ligi hiyo hiyo ndiyo iliyomlea Owen Farrell kwa muda, alipopelekwa Bedford kwa mkopo akiwa kijana kabla ya kuwa nahodha wa taifa lake. Mtu akisema daraja la pili halina faida kwa raga ya Uingereza, nitamtajia Exeter kwanza kabla ya kusema neno lingine.

Lakini mwaka 2022, miezi michache kabla ya msimu ninaouzungumzia kuanza, Ealing Trailfinders waliomba kupanda, Doncaster Knights nao wakaomba, na wote wawili wakakataliwa. Ealing ndio walioibuka mabingwa wa msimu huo. Sababu iliyotolewa haikuhusu mchezo wao. Kanuni za viwango vya chini zilitaka uwanja unaoingiza watu 10,001, na uwanja wa Ealing wa Vallis Way huingiza takribani 5,000. Ligi kuu wakati huo ilikuwa na klabu 13, haikumshusha mtu yeyote daraja, na kulikuwa na nafasi ya klabu ya kumi na nne. Niliisoma taarifa ya uamuzi huo zaidi ya mara moja, nikitafuta hoja ya kiraga ndani yake, na sikuipata. Ilikuwa hoja ya viti.

Mtetezi wa kanuni hiyo atasema kwamba viti vingi huleta mapato, na mapato huleta uimara, na ligi kuu haiwezi kubeba klabu dhaifu. Nisingelipinga hilo kwa haraka kama si yaliyotokea vuli hiyo hiyo. Tarehe 26 Septemba 2022, Worcester Warriors, wenye uwanja wa Sixways unaozidi kigezo, waliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi wakiwa na deni la kodi la mamilioni ya pauni. Tarehe 17 Oktoba, Wasps wakafuata. Wasps walikuwa wamewahi kuwa mabingwa wa Ulaya, na uwanja wao wa Coventry ulikuwa na viti zaidi ya 32,000, vingi kuliko vya klabu nyingine yoyote ya ligi kuu. Uwanja huohuo ndio uliokuwa sehemu kubwa ya maangamizi yao, kwa kuwa mwaka 2015 walikopa pauni milioni 35 kwa kuuza hati fungani kwa umma, na hati hizo zilipoiva Mei 2022 hawakuwa na cha kulipa. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, London Irish, waliokuwa wapangaji katika uwanja mpya na mzuri wa Brentford, nao waliondolewa. Ligi kuu ikashuka kutoka klabu 13 hadi 10. Katika klabu hizo tatu zilizoanguka, hakuna hata moja iliyokuwa na upungufu wa viti.

Coventry ndiko ambako jambo hili lilionekana kwa namna inayogusa zaidi. Mji ule una klabu yake ya asili, Coventry, iliyoanzishwa mwaka 1874, yenye uwanja mdogo wa Butts Park uliopo karibu na katikati ya mji. Wasps walipohamia huko kutoka eneo la London mwaka 2014, klabu ya wenyeji ilikuwa ikihangaika daraja la tatu, na kulikuwa na hofu kwamba ingemezwa. Ilipanda kwenda Championship mwaka 2018, ikajijenga taratibu. Msimu wa 2022/23 uleule ambao Wasps walitoweka, Coventry walimaliza wa tatu katika Championship, nyuma ya Jersey na Ealing. Watu wa mji walibaki na klabu ambayo babu zao waliijua.

Upande wa fedha unahitaji kuelezwa kwa tarakimu. Mwezi Februari 2020, kabla janga la korona halijafunga viwanja, RFU ilitangaza kwamba ruzuku yake kwa klabu za Championship ingepunguzwa kutoka takribani pauni 534,000 kwa klabu kwa mwaka hadi takribani pauni 288,000. Baada ya janga ikawa chini ya hapo. Klabu yenye kikosi cha wachezaji thelathini na zaidi, madaktari, makocha, na safari za basi au ndege kila wiki ya pili, haiwezi kubadili bajeti yake kwa kiasi hicho bila kukata nyama. Nyingine zilirudi kwenye mazoezi ya jioni. Nyingine zikaingia makubaliano na klabu za ligi kuu za kupokea vijana wao kwa mkopo. Jersey walichagua kubaki klabu kamili ya kulipwa, na huo ulikuwa uamuzi wa ujasiri kuliko walivyosifiwa wakati ule.

Jersey ni kisiwa kilicho karibu na pwani ya Ufaransa kuliko ya Uingereza, chenye watu laki moja na ushei, kilicho chini ya taji la Uingereza lakini kinachojitawala kwa mambo yake. Klabu yao ilikuwa imepanda madaraja mfululizo hadi kufika Championship mwaka 2012. Uwanja wao uko parokia ya St Peter, jirani na uwanja wa ndege, na jambo hilo lilikuwa na manufaa, maana kila mechi ya ugenini ilianza kwa kupanda ndege, na ukungu wa bahari ukishuka safari huahirishwa na kila kitu kikavurugika. Mwenye kujua kisiwa chochote kidogo ataelewa maisha ya namna hiyo: huwezi kuchelewa dakika kumi na kusema utachukua basi linalofuata. Kocha wao Harvey Biljon, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliiongoza timu kwa karibu miaka kumi, na kila majira ya joto alipoteza wachezaji wake bora kwa klabu kubwa, akaanza tena kutafuta wengine ambao hakuna aliyewataka.

Timu aliyoijenga msimu ule niliipenda kwa jinsi ilivyocheza kwa uvumilivu. Nguvu yao ilikuwa kwa mafowadi, katika skramu na katika msukumo wa pamoja baada ya mpira kurushwa kutoka pembeni, pale wachezaji wanaposhikana na kumbeba mwenye mpira kuelekea mstari wa trai hatua kwa hatua huku wapinzani wakirudi nyuma. Si raga ya kuvutia macho ya mgeni, lakini anayeitazama kwa makini huona kazi ya miezi ndani yake: nani anaingia wapi, nani anashika jezi ya nani, nani anatoa sauti ya kuhamisha uzito upande wa kushoto. Ealing walikuwa na fedha nyingi zaidi, na kikosi kilichokuwa bingwa mwaka uliotangulia. Jersey waliwapita kwenye jedwali na kuwaacha hapo hadi mwisho. Wakapewa kombe, wakapiga picha, na daraja lao likabaki lilelile.

Kuna watakaosema kwamba Jersey hawakuwa na uwanja wala idadi ya watu ya kuhimili ligi kuu, na kwa hiyo hawakudhulumiwa. Naikubali sehemu ya kwanza. Ninachokataa ni hitimisho lake, kwa sababu ligi ambayo mshindi wake hana pa kwenda humnyima mwekezaji sababu ya kuwekeza. Kenya nako daraja la pili linaitwa Championship, na timu inayolimaliza vizuri inajua kwamba msimu ujao itacheza Kenya Cup, ligi kuu ya huko, dhidi ya vigogo. Matumaini hayo ndiyo yanayomfanya mfadhili wa mji mdogo aendelee kutoa. Kisiwani Jersey, wawekezaji waliiona ligi ambayo mustakabali wake ulikuwa ukijadiliwa mwaka baada ya mwaka bila uamuzi, ruzuku iliyokatwa, na njia ya juu iliyofungwa, na fedha walizozitarajia viongozi wa klabu kwa msimu mpya hazikuja.

Lililoniumiza zaidi ni kwamba walianza Septemba 2023 wakiwa wazuri. Klabu za Championship zilikuwa zimeingizwa katika kombe moja na zile za ligi kuu, na Jersey wakaishinda Bath, klabu ambayo mwaka 2025 ingekuwa bingwa wa Uingereza. Siku chache baada ya ushindi huo ndipo ilipotolewa ile taarifa ya tarehe 28. Wachezaji na wafanyakazi, wengi wao wakiwa na familia walizozihamishia kisiwani, walibaki bila ajira msimu ukiwa umeanza na vikosi vya klabu nyingine vimekwisha kujaa. Championship iliendelea ikiwa na klabu 11. Kisiwani, watu wa raga walianza tena na timu ya ridhaa katika madaraja ya chini, bila mishahara.

Kanuni ya viwanja ililegezwa baadaye, ili klabu iweze kupanda na viti vichache kisha iongeze kwa awamu. Hata hivyo Ealing walitwaa ubingwa mwaka 2024, wakautwaa tena mwaka 2025, na mara zote mbili msimu uliofuata uliwakuta palepale. Kuanzia msimu wa 2025/26 ligi imepanuliwa hadi klabu 14 na kupewa jina jipya la Champ Rugby. Klabu mbili zilizoingia ni Worcester na Richmond. Worcester, chini ya wamiliki wapya, walirejeshwa moja kwa moja daraja la pili kwa idhini ya RFU, bila kucheza mechi hata moja katika madaraja ya chini, na nawafurahia mashabiki wao waliokaa miaka mitatu Sixways ikiwa tupu. Richmond, wale walioshuka mwaka 2023, walipitia daraja la tatu kwa misimu miwili, wakaongoza ligi hiyo, wakarudi kwa pointi walizozipata uwanjani. Sitaki raga ya Uingereza isahau kwamba njia hiyo ya pili ndiyo iliyowapa Exeter, na kwamba Jersey waliifuata kwa mechi 22 bila kuonyeshwa ilikokuwa inawapeleka.